Taa nyekundu ya breki inawaka nikishuka Riat, halafu inazima yenyewe. Niendelee kuendesha?

Mwalimu_Mbale

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada, hasa nyinyi mnaoijua barabara yetu hii ya Kakamega kwenda Kisumu.

Nina Fielder ya 2010, otomatiki. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Kisumu. Jumanne tulitoka Mbale vizuri, tukapita Majengo na Kiboswa bila shida. Kuanza tu kuteremka Riat, ile taa nyekundu ya duara yenye alama ya mshangao katikati ikawaka. Nikagusa handibreki, iko chini kabisa. Tulipofika tambarare pale Mamboleo ikazima. Jioni tukarudi tukipanda na haikuwaka hata mara moja.

Breki zinashika. Ila nahisi pedali inaenda chini kidogo kuliko zamani, au ni woga wangu. Jirani yangu anasema ni waya tu, gari limezeeka. Mama alikuwa ameketi kando yangu akauliza mbona kuna taa. Nikamwambia ni ya mkanda. Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu Jumanne ijayo tuna miadi tena.

Kondele_Kwetu

Mwalimu usihangaike. Ni mafuta ya breki yamepungua kidogo. Nunua kichupa, jaza hadi mstari wa juu, taa itazima. Probox yangu naiongezea kila baada ya wiki tatu hivi, na huu ni mwaka wa pili nabeba abiria Kondele hadi Luanda.

Bonde_Kericho

Hata mimi ilinisumbua. Fundi alichomoa soketi iliyo chini ya kile kikopo cha mafuta ya breki, taa haijawaka tena.

FundiBreki_Kisumu

Mwalimu, msalimie mama. Nimefanya kazi ya breki miaka 19 hapa Kisumu, na nakuomba kitu kimoja kwa moyo wote: usijaze ukaondoka. Wewe wa Kericho, rudisha hiyo soketi leo. Wewe wa Kondele, nitakujia.

Mafuta ya breki hayaishi kama petroli. Injini haiyachomi. Ni yale yale yanayosukumwa kutoka masta silinda, yaani pampu kuu iliyo chini ya kikopo, hadi kwenye magurudumu kisha yakarudi. Yakipungua kwenye kikopo ujue yamekwenda mahali. Ama breki pedi zimelika, pistoni za kalipa (kile kinachobana pedi) zikasogea nje na mafuta yakajaza nafasi iliyobaki nyuma yake, ama yanavuja. Sijawahi kukutana na sababu ya tatu.

Sasa kwa nini Riat na si Kiboswa? Ndani ya kikopo kuna boya dogo linaloelea. Gari likiinamisha pua, mafuta yanakimbilia upande mmoja, boya linashuka, swichi inagusa, taa inawaka. Ukifika tambarare yanasawazika, boya linapanda, taa inazima. Kwa hiyo taa inayokuja na kuondoka si waya, Mwalimu. Ina maana mafuta yamefika mpakani kabisa. Ikiachwa, itaanza kuwaka kwenye kona, halafu kila ukikanyaga breki, halafu itabaki hapo hapo.

Ukijaza bila kutafuta yalikokwenda, umemnyamazisha aliyekuwa anakuambia, na hali haijabadilika. Kama ni pedi zilizolika, siku utakayofungiwa mpya pistoni zitarudishwa ndani, mafuta yatapanda na kumwagika juu ya kikopo. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari, nimeona boneti zilizobabuka hivyo. Na kama ni kuvuja, unamimina kwenye ndoo iliyotoboka huku umebeba mama.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, simamisha gari mahali tambarare. Fungua boneti. Kikopo kiko nyuma, karibu na ukuta wa injini upande wa dereva, ni cheupe na mafuta yanaonekana kwa nje bila kufungua kifuniko. Kuna alama za MIN na MAX. Yako wapi? Kisha pitisha mkono nyuma ya kila tairi, upande wa ndani, uone kama kuna ubichi. Halafu ingia ndani, papasa zulia na ukuta ulio juu ya pedali. Uniambie.

Jirani_Njoro

Fundi samahani niingilie. Yangu si nyekundu, ni ya rangi ya chungwa imeandikwa ABS. Ilianza baada ya mvua, nilikuwa nimepita njia za mashambani huku Njoro, matope hadi kwenye milango. Ni ugonjwa ule ule?

FundiBreki_Kisumu

Hapana, hiyo ni nyingine. ABS inazuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, umepoteza huo msaada tu. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa matope au waya wake uliokwaruzwa. Osha kwa maji ya kawaida, si ya presha kubwa, na isipozima tafuta mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari akuonyeshe ni gurudumu gani. Mpaka hapo acha nafasi kubwa kwa gari la mbele, hasa barabara ikiwa na maji.

Ila siku ABS na ile nyekundu zikiwaka pamoja, usiendelee na safari. Hapo mara nyingi ule mgawanyo wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umekufa, na nyuma inaweza kujifunga kwanza gari likageuka.

Dereva_Nakuru

Nasoma huu uzi nikiwa nimeegesha Salgaa, na siwezi kupita bila kusema.

Nimeendesha kanta ya viazi kutoka Molo kwenda Nakuru kwa miaka. Wakati ule nilikuwa kijana na tajiri wangu alikuwa akihesabu dizeli kwa kijiko. Kwa hiyo kutoka Sachangwan nilikuwa naweka fri, yaani natoa gia, gari linateremka lenyewe, mimi nashikilia breki. Siku moja nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni gari la mbele. Nikakanyaga, pedali ikaenda kama mguu unavyozama kwenye matope. Hakuna taa iliyowaka. Hakuna! Mafuta yalikuwa yamejaa kwenye kikopo mpaka MAX.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako haifiki gurudumuni. Na yakiwa ya zamani yanachemka upesi zaidi, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa.

Nililirudisha kwenye gia ya tatu kwa kelele za kutisha, nikaliegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto, likakwaruzana nao hadi likasimama. Tingo alikuwa ameshafungua mlango aruke. Nusu saa baadaye breki zilikuwa zimerudi kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Sote tunaikumbuka ajali ya Migaa, 31 Desemba 2017, watu 36 walifariki. Sijui kupita pale bila kuwaza.

Ninalotaka kusema, Mwalimu, ni kwamba taa ni ya kuheshimiwa, lakini ukihisi pedali imebadilika usingoje taa. Wewe umeshahisi. Si woga.

FundiBreki_Kisumu

Asante kaka. Ni kweli tupu. DOT ni daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa. DOT 3 mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakuna kinachovuja. Na ile chupa iliyobaki nusu nyumbani tangu mwaka jana, usiitumie.

Mwalimu_Mbale

Dereva, umenifanya nisimame jikoni na simu mkononi. Naomba unieleze: kama taa ingewaka nikiwa katikati ya Riat na pedali iende chini kabisa, mimi wa otomatiki ningefanya nini? Mama yuko ndani.

Dereva_Nakuru

Dadangu, kwanza usizime gari. Wengi wanakimbilia ufunguo. Ukizima, usukani unakuwa mzito kama jiwe na busta ya breki, ile inayoongezea mguu wako nguvu, inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Pampu pedali. Kanyaga haraka haraka mara nyingi, kila mara ukiachia pedali irudi juu. Mara nyingine inarudi juu na kushika. Wakati huo huo toa D, uweke herufi au namba iliyo chini yake, iwe S, L, 2 au B kulingana na gari lako. Injini italia sana, iache ilie, ndiyo inayokushika. Usiweke N kamwe.

Handibreki ije sasa, lakini polepole. Shikilia kile kitufe cha kichwani kiwe kimebonyezwa muda wote, ivute kidogo, ilegeze, ivute tena. Ukiivuta kwa mkupuo nyuma inateleza. Washa hazadi, piga honi bila kuacha, tafuta pa kupandia: njia ya shamba inayopanda, ukingo wa udongo, nyasi, ua wa mtu. Kumkwaruza ng'ombe au kuvunja ua kunalipika.

Na ikiwa taa imewaka lakini pedali iko juu na ngumu kama siku zote? Angalia handibreki kwanza, wakati mwingine imevutwa jino moja tu. Kama iko chini, punguza mwendo, toka nje ya lami, simama, angalia kikopo.

Mazoezi: tafuta barabara tupu tambarare Jumapili, nenda mwendo wa kilomita 20 kwa saa, jaribu kusimama kwa handibreki peke yake. Mkono uzoee kabla ya siku yenyewe.

Hiace_Busia

Niongeze moja ya dizeli za zamani. Hiace yangu iliwahi kuwaka taa ya betri na ya breki kwa pamoja karibu na Ugunja. Nikaanza kupapasa magurudumu, kumbe mkanda wa oltaneta, ile inayochaji betri, umekatika. Kwenye hizi dizeli pampu ya kuvuta hewa ya busta imefungwa nyuma ya oltaneta, kwa hiyo mkanda ukienda, nayo imekwenda. Pedali haizami, inakuwa ngumu kama ubao, unakanyaga kwa miguu miwili. Mafuta yalikuwa kamili. Anayeendesha matatu za aina hii abebe mkanda wa akiba.

Mwalimu_Mbale

Fundi, nimefanya ulivyosema. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa na tochi uani.

Mafuta yako chini ya MIN, upana wa kidole. Rangi yake ni kahawia kama chai ya rangi. Zulia ni kavu. Tairi tatu ni kavu, zina vumbi. Ya nyuma kulia, upande wa ndani, kuna mstari mbichi kutoka kwenye dramu hadi ukingoni mwa tairi, na vumbi limegandamana pale kama tope. Unateleza vidoleni. Inaweza kuwa ni oili tu?

FundiBreki_Kisumu

Oili ya injini haifiki huko. Lakini usiniamini mimi, mimina maji kwenye kikombe cheupe ambacho hutakinywea tena. Chukua kidogo kwa kijiti, kitikise ndani ya maji. Oili itaelea juu na kung'aa. Mafuta ya breki yatayeyuka na kupotea. Kisha nawa kwa sabuni, usiguse macho.

Mwalimu_Mbale

Yamepotea ndani ya maji.

FundiBreki_Kisumu

Basi ni silinda ndogo ya gurudumu hilo. Mipira yake imechoka. Usiliendeshe, hata kwenda gereji. Mwite fundi aje hapo uani na spea.

Nikueleze kwa nini bado lilikuwa linasimama. Masta silinda ina vyumba viwili, na kwenye magari kama lako kila chumba kinashika magurudumu mawili kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia, mbele kulia na nyuma kushoto. Mshazari mmoja ukipoteza mafuta, mwingine unabaki. Lakini pedali inashuka, gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, na linaweza kuvuta upande mmoja. Ni akiba ya kukufikisha pembeni mwa barabara, si ya kwenda nayo Kisumu na kurudi.

Mwambie fundi: silinda za nyuma zibadilishwe zote mbili, zilizeeka pamoja. Lainingi (vile vipande vinavyosugua ndani ya dramu) zilizoloa mafuta ni za kutupa. Wapo wanaozichoma moto au kuzisugua kwa msasa, mafuta yanatoka juu lakini ndani yamebaki, na ukikanyaga gurudumu hilo litateleza au kujifunga. Nunua za pande zote mbili. Soma kifuniko cha kikopo kimeandikwa DOT ngapi, nunua hiyo, chupa ambayo haijafunguliwa. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ni ya silikoni, isikaribie hapo.

Na tafadhali, asiweke kitu kingine. Nimefungua masta silinda zilizojazwa oili ya injini, oili ya gia, hata maji ya sabuni, eti ya kufikia nyumbani. Oili inavimbisha mipira yote. Kazi ya silinda moja inageuka kuwa masta silinda, kalipa na paipu za mpira zote.

Bonde_Kericho

Nimerudisha soketi. Taa imewaka na haizimi. Nangoja fundi mwingine.

FundiBreki_Kisumu

Umefanya vyema. Angalia unene wa pedi za mbele kupitia nafasi za rimu. Zikifika milimita 3, zimekwisha.

Mwalimu_Mbale

Wadau, narudi na majibu. Fundi wa hapa Mbale alikuja na boda, spea ndani ya mfuko. Dramu iligoma kutoka, akaigonga na nyundo kuizunguka pole pole. Ilipotoka tope jeusi likadondoka kwenye gazeti. Akanionyesha: akavuta kile kifuniko cha mpira cha silinda kwa bisibisi, mafuta yakatoka *tii*, kama jipu. Lainingi ilikuwa inang'aa kama ngozi iliyopakwa samli. Na gurudumu la kushoto, ambalo kwa nje lilikuwa kavu? Kifuniko kilipovutwa nalo lilikuwa limeanza.

Kisha kutoa upepo kwenye paipu za breki. Mimi ndani, yeye chini na kipaipu kinachoonyesha ndani, kimeingizwa kwenye chupa ya soda yenye mafuta kidogo. "Kanyaga... shikilia... achia." Wanafunzi wangu wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wakihesabu. Mara ya kwanza yalitoka mapovu mengi na mafuta meusi. Tulirudia magurudumu yote manne, akijaza kikopo kila mara kisiishe, mpaka yakatoka mafuta meupe bila povu. Pedali sasa iko juu, inasimama karibu nusu ya pale ilipokuwa inafika. Kumbe nilikuwa nimezoea ubaya kidogo kidogo.

Silinda mbili, seti ya lainingi, mafuta na kazi: shilingi 6,500. Nimebandika plasta nyembamba kwenye kikopo na kuchora mstari wa kalamu pale mafuta yalipo leo. Nitaangalia kila Jumamosi.

Dereva_Nakuru

Mungu akubariki kwa kuuliza, Mwalimu. Jumanne ukishuka Riat weka gia ya chini tangu juu, kabla mteremko haujakolea. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko mita 1,134. Urefu huo wote unashuka kwa breki au kwa injini, chagua injini.

Mwalimu_Mbale

Jumanne tumekwenda na kurudi. Hakuna taa. Nilimweleza mama ukweli kuhusu ile siku. Alinyamaza hadi Kiboswa, halafu akasema, "Ungeniambia, tungepanda matatu."

Leo Jumamosi nimefungua boneti. Mafuta yako pale pale kwenye mstari wa kalamu.

Kondele_Kwetu

Fundi, ulisema utanijia, hukunijia. Nimekuwa nasoma huu uzi kimya kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Mimi huweka kichupa kila wiki tatu. Leo nimehesabu: miezi 14, vichupa 19. Nimetoka nje sasa hivi na tochi ya simu. Nyuma kushoto ni kubichi mpaka kwenye rimu. Kesho saa kumi na moja alfajiri nina abiria.

FundiBreki_Kisumu

Wapigie abiria sasa hivi. Usiiwashe. Uko Kondele sehemu gani? Nakuja na jeki.